Mgeni, Mwenyeji na Mwanafunzi: Uchambuzi wa Somo la Utalii katika Shule za Msingi

Katika mambo yote anayofundishwa mtoto wa shule ya msingi kuhusu dunia ya leo, ni machache yanayoonekana mepesi kama somo la utalii, na ni machache yanayopotoshwa na wepesi wake wenyewe kama hilo. Mwalimu hupiga mstari katikati ya ubao, upande mmoja akaandika faida na upande wa pili hasara, na wanafunzi wakanakili: utalii huleta fedha za kigeni, huleta ajira, huitangaza nchi, utalii huharibu mazingira, huharibu mila, huleta magonjwa. Siku ya mtihani orodha hiyo hurudishwa kama ilivyotolewa, alama zikapatikana, na somo likaishia hapo. Kinachosahauliwa ni kwamba kila faida ina mwenyewe na kila hasara ina mchukuzi wake, na aghalabu hao wawili si mtu mmoja. Rai ya makala hii ni kwamba mtoto wa miaka tisa au kumi na miwili anaweza kabisa kufundishwa kuuliza nani apataye na nani agharimikaye, na kwamba asipofundishwa hilo, yote mengine atakayoambiwa kuhusu utalii na kuhusu nchi zinazoendelea yatakuwa maneno ya kukariri tu.

Kabla ya kuingia katika utalii wenyewe, hatuna budi kuitazama ile fikra inayolibeba somo hili, yaani fikra ya nchi zinazoendelea, maana mtoto huipokea kana kwamba ni jambo la maumbile kama milima na mito, ilhali ni mgawanyo uliofanywa na watu katika zama zinazojulikana. Tarehe 20 Januari 1949 Rais Truman wa Marekani, akilihutubia taifa lake siku ya kuapishwa, alizungumzia haja ya kuyasaidia maeneo ya dunia aliyoyaona yako nyuma kimaendeleo, na tangu hapo sehemu kubwa ya wanadamu, Mhindi na Mbrazili na Mzanzibari pamoja, ikazoeleka kutiwa katika fungu moja kwa kile isichokuwa nacho. Mwaka 1952 mwanachuoni wa Kifaransa, Alfred Sauvy, akaleta jina la Dunia ya Tatu. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ikaacha kuzigawa nchi katika vitabu vyake vya takwimu kuwa zilizoendelea na zinazoendelea, ikabaki na mafungu manne ya kipato; na tarehe 1 Julai 2020 Tanzania ikahamishwa kutoka fungu la kipato cha chini hadi lile linalofuata juu yake. Mtoto akielezwa hayo kwa lugha nyepesi hufahamu kuwa mizani hiyo hupima wastani wa nchi nzima, na kwamba mvuvi wa kijiji cha Nungwi, Zanzibar, aliyelala maskini tarehe 30 Juni hakuamka tajiri siku ya pili yake kwa kuwa nchi yake imebadilishiwa safu.

Jambo hili limefundishwa kwa njia mbili zilizo baidi, moja katika nchi watokako wageni na nyingine katika nchi waendako. Huko Uingereza, baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1988 kuleta mtaala wa taifa, wanafunzi wa umri wa miaka saba hadi kumi na mmoja walitakiwa katika miaka ya 1990 kusoma habari za mahali pamoja katika nchi inayoendelea. Kwa ajili hiyo shirika la ActionAid lilitoa mkoba wa picha na maelezo ya kijiji cha Chembakolli, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, na kwa muda mrefu kijiji hicho kidogo kikajulikana madarasani mwa Uingereza kuliko miji mingi mikubwa ya India. Njia hiyo ilikuwa na ubora wake, kwani mtoto hakusoma juu ya maskini kwa ujumla, bali alisoma juu ya nyumba fulani, soko fulani na watu wenye kazi zao. Ila ilikuwa na taksiri pia: mahali pamoja palikuwa pepesi kugeuka kuwa sura ya nchi nzima, na mtoto aliyeuona mtungi wa maji kichwani mwa mwanamke wa kijijini asingeweza kudhani kuwa nchi hiyo hiyo hurusha setilaiti. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2014 umeliondoa sharti hilo kwa wanafunzi wa umri huo, na badala yake huwataka wasome eneo moja la Uingereza, moja la Ulaya na moja la bara la Amerika. Mahali penye kutofautiana na kwao, nje ya Ulaya, pameachiwa watoto wadogo zaidi.

Kwa mtoto wa Uingereza utalii ni mlango mzuri wa kuingilia katika kadhia hii, kwa sababu humweka yeye mwenyewe ndani ya habari. Akisoma juu ya njaa au ukame, yeye ni mtazamaji na pengine mtoa sadaka. Akisoma juu ya utalii, yeye ni mshiriki, maana huenda jamaa zake wenyewe ndio waliolipia likizo Malindi au Gambia, na ni halali yake kuuliza fedha zile zilikwenda wapi. Kuuliza huko ni bora kuliko huruma, kwa kuwa huruma humtazama mwenzako kutoka juu, na hesabu humtazama kama mtu wa kufanya naye biashara kwa haki.

Katika nchi za wenyeji mambo yamekwenda kinyume. Hapa mtoto hufundishwa utalii kama fahari: huorodhesha vivutio, Kilimanjaro na Serengeti na Ngorongoro na fukwe za Zanzibar, kisha huambiwa kuwa ni urithi wake, ingawa huenda hajapata kuvitia machoni. Ajabu ni kwamba watu wazima wa Tanzania walipata kulijadili jambo hili kwa ukali mkubwa. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, kulizuka katika gazeti la The Standard mjadala juu ya kama nchi ya kijamaa inapaswa kutumia mali yake kujenga mahoteli ya kuwapumzisha matajiri wa ng'ambo, na mwaka 1973 hoja za pande zote zikakusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Mjadala ule haukushuka hadi madarasa ya chini. Nao mwongozo wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulikuwa umekwisha kulaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na maisha ya jamii yake na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Basi kumfundisha mtoto wa pwani utalii kwa orodha ya vivutio, ilhali hoteli inaonekana kutoka dirishani mwa darasa, ni kuurudia ugonjwa uliokwisha kutambuliwa.

Chukua mfano wa Serengeti. Mtoto huambiwa kuwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na kwamba watu huja kutoka pembe zote za dunia kuwatazama nyumbu. Aghalabu haambiwi kuwa Wamasai walikuwa wakichunga humo, wakatolewa mwaka 1959, na kwamba mwaka huo huo eneo la Ngorongoro lilitengwa ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Kadhia hiyo haijazimika, maana tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, serikali ikisema zinahama kwa hiari na wapinzani wa mpango huo wakisema vingine. Si kazi ya mwalimu wa darasa la sita kutoa hukumu juu ya jambo hilo. Kazi yake ni kuhakikisha mwanafunzi anajua kuwa lipo, na kwamba mbuga anayoijua kwa picha ya simba ina historia ya binadamu.

Hata hivyo mahali panapoonyesha kadhia nzima kwa udogo wake, kiasi cha mtoto kuishika, ni Zanzibar. Kwa zaidi ya karne moja uchumi wa visiwa hivyo ulisimama juu ya karafuu, na bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1980, serikali ililazimika kutafuta chumo jingine. Sheria ya kulinda vitega uchumi ikapitishwa mwaka 1986, Kamisheni ya Utalii ikaundwa mwaka 1992, na katika muda usiofika kizazi kimoja, vijiji vya wavuvi vya Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani vikazungukwa na mahoteli. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kufikia mwaka 2019 wageni waliozidi nusu milioni waliingia visiwani kwa mwaka mmoja.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la kulitia darasani ni hili: mwenyeji yupi? Mwalimu anaweza kulifundisha kwa kokoto 100 zilizookotwa uwanjani, ziwe ndizo fedha zote alizolipa mgeni mmoja tangu mlangoni kwake Milano hadi ufukweni Kiwengwa. Wanafunzi wachaguliwe, mmoja awe shirika la ndege, mwingine wakala aliyeuza safari huko huko Italia, mwingine mwenye hoteli, mwingine mleta mvinyo na jibini kutoka nje, mwingine mtoza kodi, mwingine mpishi, mwingine mkulima wa mchicha, na wa mwisho awe yule kijana wa ufukweni ambaye Wazanzibari humwita papasi. Kwanza wagawane kokoto kwa kukisia, na kila mmoja atetee fungu lake. Kisha aalikwe mzazi aliye mpishi, na dereva wa gari la wageni, na mtu wa kodi, waseme wajualo, nao watoto wazihamishe kokoto kwa mujibu wa ushahidi. Hawatapata hesabu kamili, wala haihitajiki. Watakachokiona kwa macho yao ni kwamba kokoto nyingi hubaki mahali safari ilikouzwa, na kwamba hubaki nyingi zaidi pale mgeni anapokuwa amelipia kila kitu kabla ya kuondoka kwao, chakula na vinywaji na matembezi, kiasi kwamba hana haja ya kutoka nje ya ukuta wa hoteli. Serikali ya Gambia iliona uzito wa jambo hilo ikapiga marufuku safari za namna hiyo mwaka 1999, lakini marufuku haikudumu, kwani wauza safari wa Ulaya walikuwa na nchi nyingine za kuwapeleka wateja wao. Hapo mtoto hujifunza somo zito la uchumi, kwamba mwenye kiu ya wageni hana nguvu sawa na mwenye kuwaleta.

Baada ya fedha yafuate maji, maana hayo mtoto huyateka mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na jumuiya ya Tourism Concern ya Uingereza, uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kuwa mwanakijiji hutumia wastani wa lita 93 kwa siku, chumba cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Hesabu hii ni hazina kwa mwalimu. Mwanafunzi mwepesi atagawanya 3,195 kwa 93 na kusema kuwa mgeni hutumia maji ya watu 34. Mwanafunzi makini atainua mkono na kusema kuwa hapo tumelinganisha chumba na mtu, na kwamba chumba kwa kawaida hulaza wawili, basi kila mgeni ni kama lita 1,600, ambazo ni maji ya watu 17. Katika kusahihishana huko watoto hupata mambo mawili kwa mpigo, insafu katika kutumia takwimu, na habari yenyewe, ambayo hata baada ya kusahihishwa bado inatisha. Kisha waelezwe kwamba maji matamu ya kisiwa cha Unguja ni mvua iliyopenya katika mawe ya matumbawe na kutulia chini, na kwamba yakivutwa kwa pupa karibu na pwani, maji ya chumvi huingia mahali pake, na kisima cha jirani asiyekuwa na hoteli kikaharibika.

Lipo na suala la ufuo wenyewe. Tangu mwaka 1989 wanawake wa upande wa mashariki wa Unguja wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya kuuza nje. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, mwanamke hushuka na kamba zake, akainama juani, akafunga mche mmoja mmoja katika kamba iliyowambwa baina ya vigingi viwili, na baada ya wiki kadhaa akavuna, akajitwisha gunia la mwani uliolowa, akauanika uwanjani. Chumo lake si kubwa, lakini kwa wengi lilikuwa la kwanza kuingia mkononi mwao bila kupitia kwa mume. Pwani ile ile ndiyo atakayo mgeni kuogelea, naye hapendi kukanyaga vigingi. Na jambo la tatu limewapata wote wawili, nalo ni joto la bahari, ambalo limeiua kwa wingi ile aina ya mwani yenye bei nzuri. Hapa hapana mtu mbaya wa kunyooshewa kidole. Pana watu wenye haja zinazogongana mahali pamoja, na huo ndio ukweli ambao safu mbili za ubaoni haziwezi kuuchukua.

Juu ya mila yatosha kusema kwa ufupi, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa ndilo linalosemwa zaidi na kupimwa kidogo. Mavazi ya mgeni barabarani, kula hadharani mchana wa Ramadhani, ngoma ya harusi iliyofupishwa ili imalizike kabla ya chakula cha usiku, nyumba ya Mji Mkongwe iliyogeuzwa hoteli na wapangaji wake wakahamia mitaa ya Ng'ambo, yote hayo mtoto huyaona. Lakini aone pia kwamba milango ya kuchonga imepata mafundi wa kuitengeneza kwa sababu wapo wanaokuja kuitazama, na kwamba kijana aliyekimbia skuli kwenda kuuza vinyago alikimbilia ujira ambao skuli haikumwahidi.

Ipo mifano ya kheri, nayo haifai kufichwa kwa ari ya kulaumu. Katika kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu mwaka 1994, nyumba za wageni hukusanya maji ya mvua kwa matumizi yake, na wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa kuyatazama matumbawe kwa miwani ya kupigia mbizi. Wengi wao, na hasa wasichana, wamekulia pwani bila ya kupata kuona kilicho chini ya maji ya bahari yao. Huko Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na ambao ni makazi ya kima punju, sehemu ya ada za wageni hupelekwa katika vijiji vya jirani, ambavyo wakulima wake walikuwa wakilalamika kuwa kima huingia mashambani mwao. Mtoto ayalinganishe hayo na hoteli ya kawaida, na aulize ni masharti gani yaliyoifanya kokoto iangukie upande wa kijiji. Akifika hapo ataona kuwa utalii hauna hukumu moja, na kwamba wema na ubaya wake hutokana na mapatano yaliyofanywa na watu, ambayo watu hao hao wanaweza kuyabadilisha.

Yabaki mazingatio ya hatari. Mwaka 2019 dunia nzima ilihesabu safari za kitalii karibu bilioni 1.5 zilizovuka mipaka; mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya UVIKO, zilishuka hadi karibu milioni 400, na wageni wa Zanzibar wakapungua kwa nusu hivi. Pwani ya Kenya ilikuwa imekwisha kuonja machungu hayo kabla, baada ya ghasia za uchaguzi mapema mwaka 2008, na tena mwaka 2014 serikali za Ulaya zilipowaonya raia wao wasiende. Mwanafunzi aliyekwisha kusikia habari za karafuu hahitaji kuambiwa mengi, kwani atajua mwenyewe kuwa kisiwa kilichotoka katika kutegemea zao moja kimeingia katika kutegemea jingine, na kwamba hili la sasa linaweza kukatika kwa tangazo lililotolewa katika mji ambao hakuna mwanakijiji apataye kusikilizwa.

Ama namna ya kuyapanga mafunzo haya kwa umri, si mushkili mkubwa. Madarasa ya tatu na ya nne yanatosheka na kilicho karibu: nani anafanya kazi gani, samaki wa leo wamenunuliwa na nani, kwa nini pweza amepanda bei sokoni, na je, mvuvi na mama wa nyumbani wanaionaje bei hiyo. Madarasa ya tano na ya sita yanaweza kubeba kokoto na lita, na kuandaa mahojiano ya mzazi mmoja mmoja, kisha kufanya baraza ambapo kila mtoto husema kwa niaba ya mtu mwingine, mkulima wa mwani au mwenye hoteli au mgeni mwenyewe, na baadaye hubadilishana nafasi ili asikae katika upande mmoja akauzoea. Mtoto wa Uingereza naye anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuanza na mji wa pwani wa kwao, kama Blackpool, ambao pia uliinuliwa na wageni na ukaumizwa walipoanza kupanda ndege kwenda Hispania. Akijua kuwa maradhi hayo yalifika kwao, hatadhani kuwa ni tabia ya Waafrika.

Pingamizi zipo tatu. Husemwa kwanza kuwa mambo haya ni mazito kwa watoto. Walakini mtoto anayejua kugawa embe baina ya ndugu watano, na kulia akipunjwa, amekwisha kuwa na msingi wote wa somo hili. Husemwa pili kuwa tutawafundisha kuwachukia wageni, au kuwaaibisha wenzao ambao baba zao ni wahudumu na walinzi wa mahoteli. Hofu hii ina haki, na dawa yake ni kumtanguliza mfanyakazi kama shahidi mwenye heshima, mwenye ujuzi na lugha alizojifunza kwa juhudi, asiwe mfano wa mtu aliyedhulumiwa. Husemwa tatu, na hili ndilo kubwa, kuwa mtihani hauulizi hivyo, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja hana wasaa wa kufundisha kisichoulizwa.

Pingamizi hilo la tatu haliwezi kujibiwa na mwalimu peke yake, na hapo ndipo lawama inapopaswa kuhamia kwa watunga mitaala na mitihani. Maadamu swali litaendelea kuwa taja faida nne za utalii, jibu litaendelea kuwa orodha. Lakini lau mtihani ungeeleza habari za kijiji kimoja katika mistari sita, penye kisima kimoja, hoteli moja, wakulima wa mwani na bei ya samaki, kisha ukamtaka mwanafunzi aseme nani amefaidika, nani amegharimika, na ni sharti gani moja angeliweka kama yeye angekuwa katika baraza la kijiji lililoombwa ardhi, basi walimu wangefundisha hivyo mwaka unaofuata bila ya kuamriwa. Gharama ya badiliko hilo ni karatasi chache na wasahihishaji waliofunzwa kukubali majibu zaidi ya moja. Tija yake ni kwamba mabaraza yatakayoombwa ardhi baada ya miaka ishirini yatakuwa na wajumbe waliozoea kuuliza swali hilo tangu darasa la sita.